Nyapara wa Zamu ya Asubuhi

Shinyanga,
15 Juni 1975

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Kalangalala ukiwa mzima, na kifua hakikusumbui tena kama wakati wa mvua. Sisi hapa tu wazima. Ignas yuko safarini na lori, amepeleka mbegu Isaka, atarudi kesho kutwa. Tereza amepoteza jino la mbele na anakataa kufungua mdomo kanisani. Mahindi yetu ya mwaka huu si mengi lakini tutafika nayo Januari.

Baba, nina habari. Mzee Donatus, aliyekuwa nyapara wetu kiwandani, amestaafu. Jumatatu Bwana Meneja aliniita ofisini akaniambia kuanzia msimu huu nyapara wa zamu ya asubuhi ni mimi. Nilidhani anatania. Akasema mwaka huu ni mwaka wa wanawake duniani kote, mkoa unataka kuona wanawake wakiongoza, na kwamba mimi najua kusoma vizuri na sichelewi kazini. Nimepewa koti la kaki na filimbi. Watu arobaini na wawili, Baba, na mashine sita za kuchambua pamba, zote juu yangu.

Unakumbuka nilivyokusimulia juu ya Mzee Donatus? Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumwona akicheka. Akipita, hata mashine ulidhani zinanyamaza. Nami nimeanza kujifunza. Sicheki tena kazini. Sili na wenzangu. Jana niliwakuta Mbuke na wale wanawake niliokaa nao miaka sita tukichagua pamba chafu na safi, walikuwa wakicheka jambo fulani, nikapuliza filimbi. Walinyamaza wote. Nilitoka pale haraka, wasije wakaniona usoni.

Wewe ulifanya kazi mgodini miaka kumi na mitano na watu wanakuheshimu mpaka leo. Niambie ulifanyaje ili wakutii.

Tereza anasema shikamoo babu.

Mwanao,
Scolastika


Kalangalala, Geita,
20 Julai 1975

Scola mayu,

Marahaba. Barua yako niliipata siku nyingi. Nimechelewa kujibu, usiulize sana, siku zinapita tu. Kifua kimetulia. Jirani yangu Mwamvua, yule muuza maandazi, ananiletea uji asubuhi ingawa nimemwambia mara mia najua kupika. Mpe Ignas salamu. Mwambie Tereza jino litaota.

Nimefurahi kwa cheo chako. Mama yako angefurahi zaidi, angetangaza mtaa mzima.

Umeniuliza nilifanyaje watu wakanitii. Mwanangu, mimi sikuamrisha mtu yeyote. Nilikuwa dereva wa winchi. Watu waliingia kwenye kizimba, nikawashusha shimoni, jioni nikawapandisha. Kengele ikilia mara moja nasimamisha, ikilia mara mbili nashusha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mpaka waliponihamishia stoo. Sina la kukufundisha juu ya filimbi.

Ila sikuelewa kwa nini umeacha kucheka. Unacheka kama mama yako.

Baba yako,
Clemens


Shinyanga,
24 Agosti 1975

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa Tereza alikuwa na homa siku tatu, sasa anacheza. Ignas hatumwoni, ni msimu, malori hayalali.

Baba, msimu huu umekuwa wa ajabu. Pamba inaingia kutoka vijijini usiku na mchana. Zamu yangu imetoa marobota mengi kuliko zamu yoyote tangu kiwanda kijengwe. Bwana Meneja amesema hivyo mbele ya wageni wa mkoa, nikasimamishwa, nikapigiwa makofi. Walinipiga picha na koti langu. Mmoja wa wageni, mama mmoja mnene mwenye kitenge cha chama, alinishika mkono akasema wasichana wengi watanifuata. Nitakutumia picha ikitoka.

Watu wananitii sasa. Nikisema jambo mara moja linafanyika. Hakuna anayejibu.

Palikuwa na ajali ndogo wiki hiyo hiyo. Mtu mmoja aliumia mkono. Yuko hospitali. Tuyaache hayo.

Kuna kitu nataka kukuuliza. Barua yako mistari ilikuwa inapandana, mahali pengine neno limeandikwa juu ya jingine. Uliandikia garini? Zamani uliandika vizuri kuliko mwalimu wetu.

Mwanao,
Scolastika


Kalangalala, Geita,
2 Oktoba 1975

Scola mayu,

Marahaba. Usishangae kuona mwandiko mgeni. Mkono wangu wa kulia una ganzi siku hizi, kwa hiyo mimi nasema na Mwamvua anaandika. Alimaliza kisomo cha watu wazima mwaka jana na anataka mazoezi. Anaandika polepole, na herufi zake ni kubwa, kwa hiyo nitasema machache.

Picha bado haijafika. Ikifika nitaiweka pale ilipo picha ya mama yako.

Barua yako nilisomewa mara mbili. Umeandika kurasa mbili za marobota na wageni. Huyo mtu aliyeumia umempa mistari miwili. Anaitwa nani? Ana watoto? Mkono gani? Umeshakwenda kumwona?

Hujawahi kuniandikia hivyo. Tangu ukiwa shule ya bweni ulikuwa unaniambia mpaka jina la mbuzi wa jirani.

Baba yako,
Clemens

Dada Scola, ni mimi Mwamvua. Mzee amelala kidogo. Amenikataza kukuambia jambo fulani, kwa hiyo sijakuambia. Lakini mkono wake ni mzima kabisa. Jana alimimina chai nje ya kikombe mpaka birika likaisha, akasema birika limetoboka. Samahani kwa mwandiko.


Shinyanga,
19 Oktoba 1975

Baba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, nisamehe.

Anaitwa Bujiku. Ana watoto wanne, mkubwa darasa la tano. Mkono wa kulia. Amepoteza vidole vitatu. Sijaenda kumwona.

Nitakuambia ilivyokuwa, kisha utanichukulia utakavyo.

Ilikuwa Alhamisi tarehe kumi na nne Agosti. Wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kesho yake, na Bwana Meneja alikuwa amenitajia hesabu ya marobota anayotaka wayakute. Yalikuwa yamebaki kumi na moja. Saa nne asubuhi mashine namba tatu ikakwama, pamba yenye vijiti ilikuwa imejisokota ndani. Utaratibu wetu ni kuzima swichi, kuvua mkanda, kusubiri gurudumu litulie kabisa, ndipo mtu anaingiza mkono. Kuvua na kurudisha mkanda kunakula karibu saa nzima.

Bujiku alikuwa ameshanyosha mkono kwenye swichi. Nikamwambia, "Acha. Toa haraka hivyo hivyo."

Akanitazama. "Nyapara, mashine inatembea."

"Nimesema toa."

Hakusogea. Watu wote wa mashine ile walikuwa wanatuangalia, na Mbuke pia alikuwa pale na kikapu chake. Nikahisi nikirudi nyuma hapo, siku nyingine hakuna atakayenisikiliza. Nikasema, "Au unaogopa kutii kwa sababu anayekuambia ni mwanamke?"

Hayo ndiyo niliyosema, Baba. Kwa sauti, mbele ya watu.

Wakacheka wawili watatu. Bujiku akaingiza mkono.

Sitaki kuandika yaliyofuata. Mimi ndiye niliyezima swichi.

Jioni Bwana Meneja alikuwa ameshaandika taarifa. Imesema mfanyakazi aliingiza mkono kwa uzembe wake, bila kuamriwa na mtu. Alinisogezea kalamu. "Mama Tereza," akasema, "wageni wako njiani. Unataka wakute nini?" Nikatia sahihi. Kwa taarifa ile Bujiku ameachishwa kazi na hana haki ya fidia.

Kesho yake nikapigiwa makofi.

Watu wanane walinisikia nikimwamrisha, na hakuna aliyesema neno. Nikipita wanainamisha macho. Nilidhani ndiyo heshima niliyokuwa naitafuta, ile ya Mzee Donatus. Lakini wiki iliyopita mkanda wa mashine namba tano ulikuwa umechanika toka asubuhi, wote waliuona, hakuna aliyeniambia hata mmoja. Nilipouliza kwa nini, Mbuke akajibu, "Hukutuuliza, Nyapara." Mbuke aliyenishika mkono nilipokuwa namzaa Tereza.

Nimeyaandika. Sasa na wewe niambie. Macho yako yana nini?

Scolastika


Kalangalala, Geita,
9 Novemba 1975

Scola mayu,

Marahaba, marahaba. Mwamvua anaandika. Nimemwambia aandike kila neno, hata akinionea haya.

Macho yangu hayaoni. La kushoto lilikufa zamani, la kulia linanipa mwanga wa mlangoni na kivuli cha mtu. Njia ya kwenda kanisani naijua kwa kuhesabu hatua. Watu wa mtaani wanadhani nina maringo kwa sababu siitikii wakinipungia mkono. Niliona afadhali maringo.

Sasa nitakusimulia la winchi. Aliyelijua ni mama yako peke yake.

Nyinyi watoto niliwaambia kwamba nilipandishwa cheo nikawa mtu wa stoo. Sikupandishwa. Mwaka wa sitini na nne macho yalianza ukungu. Mbele ya dereva wa winchi kuna saa kubwa yenye mshale, inamwonyesha kizimba kimefika wapi chini. Nikaanza kutouona mshale. Kengele nilizisikia, lakini mshale sikuuona. Nikawa nashusha kwa kuhesabu moyoni. Nilikuwa nimeifanya kazi ile muda mrefu, mkono ulikuwa unajua. Nilijiambia mkono unatosha. Mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako aliyefariki, nawe ulikuwa bweni. Nikijitokeza kusema, kazi imekwisha.

Nilifanya hivyo miezi minne. Kila asubuhi watu themanini, mafungu kwa mafungu. Wakipita dirishani kwangu walinisalimia, "Mzee Clemens, tushushe taratibu." Nikawajibu kwa mzaha. Jioni nikifika nyumbani siwezi kula.

Siku moja nilihesabu vibaya. Kizimba kikapita kituo kikaingia kwenye maji ya chini. Maji yaliwafika magotini. Hatua chache zaidi yangewafika shingoni. Kengele ikalia kwa fujo nikawapandisha. Walipotoka walikuwa wanacheka, Scola. Walidhani nimewatania. Alikuwamo kijana mmoja wa Bukombe, Ansgar, mtu wa kwetu, suruali imelowa yote. Mwenzake akamuuliza kama hakuogopa. Akajibu, "Niogope nini, aliyeko juu si Mzee Clemens?"

Alilisema kwa furaha tu, huku anakamua suruali. Mimi nilisikia kila neno kutoka kwenye kiti changu.

Mchana ule ule nilikwenda kwa mkubwa wa kazi nikamwambia siuoni mshale. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu lini. Alinitukana sana, na alikuwa na haki. Nikapelekwa stoo kugawa majembe, kwa nusu mshahara.

Lakini wale watu sikuwaambia kamwe. Ansgar alirudi kwao Bukombe mgodi ulipofungwa, mpaka leo anawasimulia watu jinsi Mzee Clemens alivyokuwa hodari. Mwaka juzi alinitumia kuku. Nilimla yule kuku, Scola.

Sikuambii ufanye nini. Wewe uko kiwandani na mimi niko hapa gizani. Nimekueleza kwa sababu uliniuliza nilifanyaje watu wakaniheshimu, na nilikujibu kama mtu asiye na la kuficha.

Baba yako,
Clemens

Dada Scola, amemaliza na kuniuliza kama bado nitamletea uji. Nimemwambia asiniletee ujinga. Mwamvua.


Shinyanga,
7 Desemba 1975

Baba yangu, Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo wiki nzima kwenye mfuko wa koti. Nililia, halafu nikacheka kwa yule kuku, Ignas akadhani nimechanganyikiwa. Tereza mzima, jino limeota limekaa upande.

Jumapili ya wiki ile, baada ya misa, nilichukua baiskeli nikaenda kwa Bujiku. Ni mbali, njia ya Mwakitolyo, nilifika saa nane. Mkewe, Limi, alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Hakuinuka. Alinitazama kuanzia miguuni, akasema, "Umekuja kuhesabu vilivyobaki?"

Nilisimama juani. Baadaye Bujiku akatoka ndani. Alikuwa amebeba jembe kwa mkono wa kushoto, anajifunza kulima nao. Nikapiga magoti, Baba, nikaanza kumwomba msamaha. Akanikatiza.

"Inuka. Hapa nani anakuona? Kuku?"

Nikainuka.

"Yale maneno ulinitamkia mbele ya watu," akasema. "Kayaseme mbele ya watu." Akaondoka kwenda shambani. Limi alinipa maji ya kunywa, hakuniambia karibu wala kwaheri.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mkutano wa wafanyakazi, kwenye banda la kuchagulia pamba. Bwana Meneja alisoma shukrani za kufunga msimu wa ununuzi, akanitaja jina. Watu wakapiga makofi yale ya kutimiza wajibu. Nikasimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi lakini nikaikunja nikaitia mfukoni. Nikasema tu. Nikasema Bujiku alitaka kuzima mashine, mimi ndiye niliyemkataza. Nikarudia neno kwa neno nililomwambia, hata lile la mwanamke. Nikasema taarifa yenye sahihi yangu ni ya uongo na nilijua ni ya uongo nilipotia sahihi.

Bwana Meneja akasema, "Mama Tereza amechoka, msimu ulikuwa mrefu."

Nikasema, "Sijachoka, Bwana Meneja. Niliogopa kuonekana siwezi kazi. Ndiyo maana yeye hana vidole."

Hakuna aliyepiga makofi. Halafu Mbuke akasema kutoka nyuma, bila kusimama, "Tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Kamati ya wafanyakazi ikaandika upya, na wale wanane wote wakatia sahihi. Bwana Meneja hakuweza kuizuia. Bujiku amerudishwa kazini, ni mlinzi wa lango, na madai yake ya fidia yamepelekwa kunakohusika. Mimi nimevuliwa unyapara. Koti na filimbi nimerudisha. Niko tena kwenye banda na kikapu changu, karibu na Mbuke. Siku ya kwanza alinisogezea kiti, basi, tukachagua pamba mpaka jioni hatukuongea. Siku ya tatu akaniambia habari za mkwe wake, nikacheka, naye akacheka.

Bujiku hajanisalimu. Namsalimu kila asubuhi langoni. Ananifungulia, anaangalia barabara. Sidhani kama namdai salamu.

Sasa sikiliza jambo la wiki hii. Nyapara mpya ni Alois, fundi wa mikanda, mtu mwema. Jumanne namba tatu ikakwama tena. Alois akazima, akavua mkanda, kila kitu sawasawa. Akawaambia watoe pamba. Wakasimama, mikono nyuma, wote. Akawaambia tena. Mmoja akasema, "Muite Scola kwanza aitazame."

Wakaniita. Nilidhani nakwenda kuaibishwa. Nikafika, nikaangalia swichi, nikaangalia mkanda uko chini, nikashika gurudumu nikaona limetulia. Nikaingiza mkono wangu ndani, mpaka kwenye kiwiko, nikauacha humo kidogo. Halafu nikawaambia, "Tayari." Wakaja wakaanza kutoa pamba, bila kuniangalia hata mara moja.

Sasa kila mashine ikikwama Alois mwenyewe anatuma mtu bandani kuniita. Haijaandikwa popote, na sina koti.

Baba, daktari wa macho anakuja hospitali ya hapa katikati ya Januari. Nimemuuliza muuguzi, akasema macho mengine yenye ukungu yanafunguka, mengine hayafunguki, mpaka yaangaliwe. Njoo. Na kama hayatafunguka, ubaki. Ignas amekubali, yeye ndiye aliyesema kabla yangu.

Najua utasema unaweza kujipikia. Njoo hata hivyo.

Mwanao,
Scolastika


Kalangalala, Geita,
4 Januari 1976

Scola mayu,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Ignas na kwa Tereza. Barua yako ilifika mkesha wa Krismasi, Mwamvua alinisomea jikoni kwake, akasimama mara mbili kupangusa uso, akasingizia moshi.

Nimemwandikia Ansgar. Nimemweleza yote, ya mshale, ya kuhesabu, ya miezi minne. Jibu limekuja juzi. Anasema alikaa siku mbili bila kujua ajibu nini, na kwamba akikumbuka yale maji anaogopa sasa kuliko siku ile. Hakusema amenisamehe. Anasema nikipona macho nipite Bukombe, na nisipopona nipite pia, kuna wengine wanne waliokuwamo kwenye kizimba na wanataka kunisikia mwenyewe. Nitakwenda. Nitahitaji mtu wa kwenda naye.

Leo kanisani, wakati wa kutoka, nilimwambia katekista kwa sauti kwamba mimi sioni, kwa hiyo anayenipungia mkono afadhali aniite. Watu walinizunguka mpaka nikachoka. Kumbe wengi walikuwa wamenikasirikia.

Nitakuja. Mwamvua atanisindikiza mpaka Mwanza, ana dada yake pale, ataniweka kwenye gari moshi la Jumatano tarehe kumi na nne. Kutoka hapo nitakuwa peke yangu mpaka Shinyanga, lakini atawaambia abiria wa jirani, na mimi sitakataa.

Nimemwuliza kama stesheni ya Shinyanga ina watu wengi. Anasema ina watu wengi sana. Zamani ningekuambia unisubiri pembeni, nje, wasinione nikishikwa mkono. Usinisubiri nje. Njoo mpaka kwenye behewa. Ukiniona nimesimama mlangoni siteremki, usidhani nimebadili nia, nitakuwa nasikiliza uko wapi. Niite kwa nguvu, mwanangu, hata watu wote wakigeuka.

Baba yako,
Clemens